Nati ya Isha Imebaki Barabara ya Pangani

Mzee Athumani,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini kwako sijui kuanza bila hiyo. Miaka kumi na tisa nimeitikiwa "Marahaba mwanangu, umekula?" kabla sijashika hata spana, na miezi mitano ya kutoitikiwa haijanifundisha kunyamaza.

Nakuandikia habari ya Jumamosi. Mkeo Bi Zuhura alikwambia pale kaburini kwamba tumefika salama salimini, kwamba Eliza kaendesha vizuri na gari lako halikumsumbua mtu. Mimi nilikuwa nyuma yake, viatu mkononi, nimeinamisha kichwa. Mzee, si kweli. Kufika tulifika, lakini salama haikuwapo, na kosa ni langu. Leo Jumatano bado nalibeba. Kwa hiyo zima redio, nikueleze.

Nimecheka kidogo kuandika hivyo. Zima redio! Mteja analeta gari, anaanza kuhadithia, nalo lile redio lako la kufungwa kwa waya linaimba taarabu juu ya meza, wewe unainua kidole: "Zima redio." Kisha unainamisha sikio kwenye injini. Baadaye ukawa unalisema kwa kila jambo. Mwanao Jumaa akianza visingizio vyake, zima redio. Mimi nikikwambia sijavunja kitu na kitu kimevunjika nyuma yangu, zima redio. Hata daktari alipokueleza habari ya presha kwa maneno marefu ulimwambia hivyo hivyo, na laiti ungelimsikiliza.

Nianze pale relini, maana ndiko lilikoanzia. Unaikumbuka ile siku. Tunarudi na pikapu yako ya buluu, wewe unaendesha, yule muuza nazi anavuka na baiskeli yake. Ukakanyaga breki mara ya kwanza, patupu. Mara ya pili, patupu. Ya tatu ndiyo ikashika, gari likavuta kushoto kama kawaida yake, wewe ukalirudisha kulia kama kawaida yako, tukasimama nazi zikibingirika mbele ya bampa. Yule bwana alitutukana matusi ambayo sijayasikia tena.  Wewe ulishuka ukamwokotea nazi zake, moja moja.

Wiki ile ile ukaleta kreti la soda limefunikwa kitambaa, ukalisukuma chini ya meza. Ndani mlikuwa na breki za diski za magurudumu ya mbele, ulizozitoa kwenye pikapu ya kisasa iliyopinduka. "Hizi hazina porojo," uliniambia. "Sahani ya chuma, kalipa inaibana pande mbili, basi." Tungezifunga baada ya Idi. Kabla ya Idi ukaanguka mlangoni pa gereji yetu hapa Nguvumali na kikombe cha chai mkononi. Kikombe hakikuvunjika. Nilikichukia kile kikombe siku nyingi.

Wakakupeleka kwenu Tongoni jioni ile ile. Wanaume walikwenda, sisi wanawake tukabaki Usagara nyumbani kwako, na Bi Zuhura akaingia eda. Miezi minne na siku kumi hakuvuka kizingiti. Kwa hiyo ujue: kaburi lako alikuwa hajaliona. Wala mimi.

Katika miezi hiyo Jumaa alitaka pikapu iuzwe chuma chakavu. Sikwambii nikuchonganishe na mwanao, ni hasira ya msiba tu. Alisema breki zilizotaka kukuua zitaua mwingine. Nikamwambia breki hizo nitazing'oa mimi, nifunge zile ulizoziacha kwenye kreti. Akanitazama, akasema, "Wewe Eliza? Peke yako?" Nilimjibu jibu ambalo Bi Zuhura hapaswi kulisikia.

Nikazifunga, Mzee. Niling'oa ngoma za breki za zamani, nikaweka diski, nikaweka kalipa, nikatoa upepo kwenye mabomba mpaka pedali ikawa ngumu chini ya mguu, ngumu ya kweli, si ile yako ya kukanyaga mto. Nikapiga kelele peke yangu gerejini. Kisha nikachukua rimu yako nyeupe ya mbele kushoto, nikairudishia, na rimu ikagoma.

Haikuingia! Nikadhani imepinda. Nikaichukua ya kulia, nayo ikagoma. Nikalala chini na tochi, nikaona: tumbo la rimu linagusa mgongo wa kalipa. Ukizungusha gurudumu linakwaruza, krrr, halafu linakwama. Kalipa ile ni pana, ilitengenezewa rimu kubwa, na zako ni za zamani, ndogo, nyembamba kwa ndani. Ulipima matundu matano na nafasi kati ya tundu na tundu, nimeona chaki yako kwenye kreti, umeandika SAWA. Tumbo hukulipima. Mimi nimekuja kukiri, lakini na wewe una lako, Mzee, tusifichane.

Nikatafuta rimu kubwa zaidi. Nikapata mbili nyeusi, pamoja na tairi zake. Zikaingia bila ubishi, kati ya rimu na kalipa kidole changu kinapita. Nati nikazihesabu kwa vidole kama ulivyonifundisha, mizunguko kabla ya spana, isipungue minane. Nikapata tisa. Nikalitoa gari hadi barabarani, nikakanyaga breki, likasimama limenyooka. Halafu likaruka kulia! Nikashangaa, nikarudia, likaruka tena kulia. Kumbe ni mimi. Breki hazivuti kushoto tena, ila mikono yangu bado inalirudisha, imeshazoea kwako. Nilipaki pembeni nikalia, na nililia vibaya, kamasi na vyote.

Sasa sikiliza vizuri hapa.

Bi Zuhura akatoka eda. Alikuwa na ombi moja tu: Jumamosi kuna hitima yako Tongoni, naye anataka kupelekwa na gari lako. Siku ya Ijumaa nikalipeleka Usagara alione. Nililiosha, nikalipiga polishi hadi kwenye vitasa. Akatoka, akashika mlango, akatabasamu. Halafu akatazama chini, tabasamu likaondoka.

"Viatu vyake viko wapi?"

Unajua anavyosema yeye. Rimu zako zile nyeupe, ulizokuwa unazipaka kila Idi kwa rangi iliyobaki ya nyumba, yeye anaziita viatu. Nikaanza kumweleza kalipa, tumbo la rimu, nafasi. Hakunisikia. Alikaa kwenye baraza akalia, na ujue eda nzima hajapata kulia mbele yangu. "Hili si gari lake, mwanangu. Mbele limevaa vya watu." Jumaa akasimama mlangoni na uso wa 'si nilisema?' 

Nikasema, "Mama, kesho utakwenda na viatu vyake."

Mdomo huu, Mzee! Ungenipiga kofi.

Nikaenda kwa fundi wa kukereza vyuma, nikamwomba anikatie spesa mbili, zile sahani za duara za kuweka katikati ya habu, kile kitovu cha gurudumu, na rimu ili rimu isogee nje, iachane na kalipa. Akanikatia nene, maana nyembamba hazikutosha. Alasiri ile nikazivalisha, nikapachika rimu nyeupe, ikazunguka bila kugusa. Safi. Furaha yangu ilidumu mpaka nilipochukua nati ya kwanza, ile uliyoipa jina Alfajiri.

Alfajiri. Moja, mbili, tatu, nne. Ikakaza.

Nikaitoa, nikaifuta, nikapaka mafuta kidogo. Moja, mbili, tatu, nne. Spesa ilikuwa imeimeza bolti. Kilichobaki nje cha kushikwa na nati ni nusu ya kile ulichonifundisha. Nilijua dawa yake, bolti ndefu zaidi, na mtu wa bolti alisema Jumatatu. Hitima ni Jumamosi. Nikachuchumaa pale na nati mkononi, nakusikia kabisa: "Hiyo haijafunga, imeshika tu." Kufunga na kushika, ulikuwa hukubali mtu akichanganya.

Nikafunga hivyo hivyo. Zile tano zako zote, Alfajiri, Alasiri, Isha, Adhuhuri, Magharibi, kwa kuruka kama nyota ili rimu ikae sawa. Nati ya kwanza karibu na mdomo wa upepo ndiyo Alfajiri, ukizunguka unakwenda kwa mpangilio wa sala, ila ukikaza unaruka. Mtoto wa Kilutheri wa kambi ya mkonge, mimi sala zenu nimezijulia kwenye gurudumu. Umesahau ile futari ya mwaka wangu wa kwanza? Mgeni wako akaniuliza kama nazijua sala tano, nami kwa kiburi nikasimama: Alfajiri, Alasiri, Isha, Adhuhuri, Magharibi! Watu wakavunjika mbavu. Wewe ukapaliwa na uji mpaka Bi Zuhura akakugonga mgongo, na ulipopata pumzi ukasema, "Mwacheni, huyu anasali kwa spana." Aibu ile niliipenda, sijui kwa nini. Siku ile ndipo nilipojiona wa nyumba ile.

Jumaa akapita jioni, akauliza, "Tayari?" Nikasema, "Tayari." Hilo ni kosa la kwanza.

Jumamosi asubuhi tukatoka. Bi Zuhura mbele na mimi, Jumaa nyuma na masufuria ya pilau na mikeka. Kabla hatujaondoka nilichora chaki kwenye kila nati ya mbele, mstari mmoja kutoka kwenye nati mpaka kwenye rimu, ile sheria yako. Mstari ukivunjika, nati imehama. Ikihama mara ya kwanza unaikaza. Ikihama mara ya pili unashusha watu.

Nje kidogo ya mji, Barabara ya Pangani, nikasimama kukagua. Kulia, mistari mitano imenyooka. Kushoto, minne imenyooka. Isha ilikuwa imehama, upana wa ukucha hivi.  Nikaikaza. Bi Zuhura akachungulia dirishani.

"Kuna nini?"

"Naangalia upepo tu, Mama."

Kosa la pili. Na la tatu ndilo linaloniua, Mzee, kwa sababu hapo sikuwa na haraka wala sikuwa na mtu aliyenisukuma. Nilitakiwa kusimama tena mbele kidogo, nikague. Kila penye nafasi ya kupaki nilipaona, nikapapita. Sikutaka kutazama. Nikitazama na mstari umevunjika, sheria yako inanitaka nimshushe Bi Zuhura njiani, amevaa nguo yake mpya, na Jumaa aone. Kwa hiyo sikusimama. Nilipunguza mwendo nikajidanganya kuwa huo ndio uangalifu.

Bi Zuhura alikuwa anazungumza. Alikuwa na furaha, basi tu, alikuwa anahadithia ulivyomposa. Kwamba ulikuja na pikapu hii hii, ukajifanya breki zimekufa mbele ya nyumba yao, ukafungua boneti mchana kutwa. Kwamba baba yake alikuletea maji siku ya kwanza, siku ya pili akakuletea kiti, siku ya tatu akakuuliza unataka gari au unataka mtoto. Anacheka, ananipiga paja. Na mimi nasikia kitu chini ya kicheko chake.

Tik.

Nikasema kijiwe. Kijiwe kimeingia kwenye tairi. Tik, tik, kinafuatana na mwendo. Nikaongeza gia, tik-tik-tik. Nikapunguza, tik, tik.  Mbele yetu barabara inateremka, mwisho wa mteremko kuna daraja jembamba, na darajani wanatembea wanawake watatu wenye ndoo kichwani. Nyuma yangu lori la mchanga limeniganda, linapiga honi.

Bi Zuhura akafika pale baba yake alipokubali. Nami nikamkatiza.

"Mama, zima redio."

Mzee, nilimwambia mkeo hivyo! Nimemtamkia mjane wako siku anayokwenda kukuzuru, kwa sauti ya ukali. Lakini akanyamaza papo hapo, mdomo wazi, maana neno lile analijua limetoka wapi. Gari likawa kimya. Na wote wawili tukaisikia. Haikuwa tik tena, ilikuwa tak, nzito, na usukani ukaanza kutikisika mikononi.

Nilitaka kukanyaga breki kwa nguvu. Mguu wote ulitaka. Lakini gurudumu lililolegea ukilibana ghafla ndipo linapotoka, hilo nimelijua kwako. Nikatoa mguu kwenye mafuta, nikarudisha gia moja, nikasubiri, nikarudisha nyingine. Injini ikanguruma. Lori likapiga honi ndefu. Nikawasha taa za pembeni, nikagusa breki kidogo tu, na kidogo tena. Nasema Yesu, Yesu, na ubavuni kwangu nasikia Laa ilaha illa Llah. Wale wanawake wakageuka wakatuona. Mmoja akatupa ndoo.

Gari likasimama hatua chache kabla ya daraja. Limenyooka. Zile breki zako, Mzee, zilishika kwa ule ugusaji mdogo mpaka mwisho, hazikuvuta popote. Na mikono yangu safari hii ilitulia katikati.

Lori likapita, dereva akinitukana. Nikashuka, nikazunguka hadi kushoto. Isha haikuwapo. Bolti iko uchi. Alasiri imening'inia kwenye jino la mwisho, nikaigusa ikaanguka kiganjani. Alfajiri inazunguka kwa kidole. Zilizoshika gari ni Adhuhuri na Magharibi, nati mbili, kila moja kwa mizunguko yake minne.

Jumaa alishuka nyuma akiwa na maneno, akaona, akashika kichwa.  Bi Zuhura akaja taratibu, akainama, akatazama zile bolti muda mrefu. Nikamwambia yote hapo hapo, nimesimama kwenye vumbi. Kwamba nilijua. Kwamba nilijua tangu jana alasiri, nikajua tena asubuhi pale nilipomwambia upepo.

Akanyooka. Sauti yake ilikuwa ndogo kabisa.

"Mwanangu wa kumzaa alikuwa nyuma ya gari hili. Ulikuwa unatupeleka kuzuru kaburi, Eliza, au kuongeza makaburi?"

Nikaifumbata ile Alasiri kiganjani. 

"Ungenambia," akasema. "Mie mjane wa fundi. Ungenambia viatu havimtoshi, ningelia, ningenyamaza, tungekwenda."

Kisha akamgeukia Jumaa, akamtuma arudi mjini kwa bodaboda akalete rimu nyeusi na nati mpya kwa bajaji. Jumaa akaenda. Bi Zuhura akaomba maji kwa mmoja wa wale wanawake, akatawadha, akatandika mkeka kivulini pa gari, akasali Adhuhuri yake. Pilau ikapoa. Huko Tongoni watu wanapiga simu, anawajibu tunakuja, tunakuja. Mimi nikarudi nyuma kwa miguu nikiitafuta Isha, nimeinama, natazama kila kokoto, pande zote za lami mpaka kule juu mteremko unapoanzia. Sikuipata. Iko huko mpaka sasa.

Jumaa aliporudi nikatoa spesa, nikazirusha nyuma ya gari. Meno ya bolti yalikuwa yamelika kidogo kwenye ncha, nikayasafisha kwa tupa. Nikapachika rimu nyeusi. Nikachukua nati ya kwanza, na Bi Zuhura akaja akachuchumaa karibu yangu, nguo mpya na yote, akasema, "Hesabu kwa sauti."

Moja. Mbili. Tatu. Nne. Nilipofika nne nikasita. Akanigusa bega. Tano. Sita. Saba. Nane. Tisa.

"Hiyo Alfajiri," akasema. "Sasa Alasiri."

Nikamtazama. Akaendelea kuzitaja, Isha, Adhuhuri, Magharibi, kwa kuruka kule kule kwako, hakukosea, wala hakucheka. Kumbe miaka yote ile akituletea chai alikuwa anasikiliza. Jumaa naye akachukua spana akakaza upande wa kulia, nami nikampitia nyuma, na alikuwa amekaza vizuri. Mwambie. Au nitamwambia mimi.

Tukafika hitima imeanza. Watu walikula pilau baridi kwa heshima yako. Jioni ndipo Bi Zuhura akapelekwa kaburini, na akanishika mkono nami niende. Wewe upo mahali pazuri, pana hewa. Akakaa, akakusalimia, akakuombea dua, kisha akakwambia yale: salama salimini, Eliza kaendesha vizuri. Nikafungua mdomo. Akanibana vidole, nikaufunga.

Tukirudi garini nikamuuliza, Mama, kwa nini hukumwambia?

Akanishangaa, kama nimeuliza jambo la kitoto.

"Presha yake huijui? Mambo kama yale utamwambia ghafla? Mwambie wewe, mwanangu, taratibu. Mwandikie."

Ndiyo maana ya barua hii.

Habari nyingine ni hizi. Gereji iko wazi. Jumaa hasemi tena habari ya chuma chakavu, Jumatatu kaja kuuliza kama rimu nyeusi zinaweza kupakwa rangi. Rangi ya nyumba bado ipo nusu kopo, Bi Zuhura amesema tungoje Idi. Rimu zako mbili za mbele ziko barazani kwake, amezisugua mwenyewe. Zile spesa nimezipiga msumari ukutani juu ya meza, mahali pa kalenda, ili nizione kila nikiinua uso.

Na nakuahidi hivi. Nikihesabu nne, nitasema nne, kwa sauti, mbele ya aliyeleta gari, hata akilia, hata akinicheka, hata awe ni Bi Zuhura amekaa barazani. Mstari ukivunjika nitasimama pale pale. Sitampakia mtu kwenye gurudumu linaloshika tu. Nikikosa ahadi hii, usiniitikie siku tutakapoonana.

Lala salama, baba yangu. Breki zinafunga vizuri. Mikono yangu mara mojamoja bado inavuta kulia, na sina haraka ya kuikanya.

Nimemaliza. Washa redio.

Mimi mwanao wa spana,
Eliza